Siri za Wateja katika Ofisi ya Mwanasaikolojia

Makala haya yakusudia kueleza namna ofisi ya binafsi ya mwanasaikolojia ipokeavyo habari za watu waiendeao kwa shida zao, namna iziandikavyo na kuzitunza, na mwishowe namna iachanavyo nazo. Nimechagua ofisi ya binafsi, wala si hospitali kubwa, kwa sababu hospitali ina makarani wake, ghala la majalada na kanuni zilizobandikwa ukutani. Bali ofisi ya binafsi aghalabu ni vyumba viwili vya kupanga katika jengo lenye wapangaji wengine, mwanasaikolojia mmoja na karani mmoja, na usalama wa siri zote zilizomo wategemea mazoea ya hao wawili. Watu wengi hudhani kwamba siri ikiwa kwa mtu mwenye ulimi mzito basi imesalimika. Nitajaribu kuonyesha kwamba yaliyoandikwa yana hatari kubwa kuliko yaliyosemwa.

Kwanza tulitazame neno. Mtu aendaye kwa mwanasaikolojia aitwe nani? Wengine humwita mgonjwa, lakini wengi wa watu hawa si wagonjwa: ni mjane asiyepata usingizi, mwalimu aliyechoshwa na kazi, mume na mke wasiosemezana. Wataalamu wa leo hupendelea neno mteja, na wako wanaolichukia kwa kuwa lanukia duka. Walakini kamusi zalipa neno hili maana zaidi ya moja: ni mnunuzi, na pia ni mtu aliye chini ya matibabu ya mganga. Maana hii ya pili yatufaa sana, nami nitalitumia neno mteja bila ya kuomba radhi.

Siku ya kwanza mteja huulizwa jina, umri, kazi, namba ya simu, dawa anazotumia, na jina la mtu wa kuitwa ikitokea hatari. Haya ni ya kawaida. Lakini kabla hajaanza kueleza kilichomleta, mwanasaikolojia mwema humweleza mipaka ya siri: kwamba atakayoyasema yatasitiriwa, ila pakiwapo hatari kwa maisha yake au ya mtu mwingine, au mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Mpangilio huu una maana. Mtu akishasema hawezi kuyarudisha maneno yake kinywani. Ni haki yake kujua mapema ni yapi yaweza kutoka mle chumbani. Ofisi nyingi hulitimiza jambo hili kwa fomu ya Kiingereza yenye kurasa nne, nayo hutiwa sahihi na mtu ambaye pengine hakufahamu hata nusu yake. Mimi siihesabu sahihi hiyo kuwa idhini. Idhini yataka maelezo kwa lugha aielewayo mteja, na nafasi ya kuuliza.

Baada ya hapo huja maandishi. Hapa yafaa kutofautisha aina mbili. Aina ya kwanza ni jalada: tarehe za mikutano, muda wake, jina la shida kwa istilahi ya kitaalamu, njia ya matibabu, dawa, na maendeleo. Aina ya pili ni daftari la mwanasaikolojia mwenyewe, analoandikia yale aliyoyasikia na aliyoyawaza: ndoto ya mteja, jina la mwanamume aliyemtaja kisha akanyamaza, dhana ambayo huenda kesho ikaonekana si kweli. Kanuni za faragha za Marekani, zilizotokana na sheria ya mwaka 1996, hulipa daftari hili ulinzi wa pekee maadamu limetengwa na jalada. Jalada laweza kuhitajiwa na daktari mwingine au kampuni ya bima. Daftari halina sababu ya kwenda huko. Palipo na kitabu kimoja tu kilichochanganya yote mawili, siku jalada litakapotakiwa, ndoto nayo itakwenda.

Wako waliodhani kwamba kulibadili jina kwatosha. Mwaka 1895 Josef Breuer na Sigmund Freud walitoa kitabu chao juu ya maradhi ya histeria, na mgonjwa wa kwanza humo waliitwa Anna O. Jina hilo lilipatikana kwa kurudisha herufi za kwanza za jina lake, B na P, hatua moja nyuma katika alfabeti. Mwaka 1953 Ernest Jones, alipoandika maisha ya Freud, alimtaja kwa jina lake: Bertha Pappenheim. Alikuwa amekwisha kufa mwaka 1936, baada ya kujulikana kwa kazi yake ya kuwatetea wanawake wa Kiyahudi katika Ujerumani. Yeye hakuulizwa, wala hangeweza kuulizwa. Katika mji mdogo wa kwetu hata herufi hazihitajiki: andika tu “mke wa mwalimu mkuu, mama wa mapacha,” na kila mtu sokoni atamjua.

Lakini mfano mzito kuliko yote ya zama zetu watoka Ufini. Huko palikuwa na kampuni ya binafsi ya tiba ya nafsi iitwayo Vastaamo, iliyoanzishwa mwaka 2008, ikawa na vituo zaidi ya 20 nchini. Maandishi ya wateja wote yaliwekwa katika hazina moja ya kompyuta. Hazina hiyo ilikaa zaidi ya mwaka mmoja ikifikika kutoka kwenye intaneti bila ya ulinzi uliopasa, na mwizi akaingia, mara ya kwanza mwaka 2018. Mwezi wa Oktoba 2020 umma ulijua. Mwizi alikuwa ameitaka kampuni bitcoin 40, ambazo thamani yake ilikuwa kiasi cha euro 450,000. Alipokosa kulipwa, akaanza kuyatangaza maandishi ya wateja, watu 100 kwa siku. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa likijulikana sana hapo kabla: aliwaandikia wateja wenyewe, mmoja mmoja, akiwataka euro 200 katika muda wa saa 24, na wakichelewa euro 500, la sivyo waliyoyasema chumbani yangesomwa na ulimwengu.

Waliopatwa walikuwa kiasi cha watu 33,000, na miongoni mwao watoto. Kampuni ilifilisika mwaka 2021, na mwezi wa Aprili 2024 mahakama ya daraja la kwanza ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miaka 6 na miezi 3. Ninalotaka msomaji alipime ni hili: hapana hata mwanasaikolojia mmoja aliyehitaji kufungua kinywa ili siri hizi zitoke. Na namba ya benki iliyoibwa hubadilishwa, lakini mtu aliyemweleza mwanasaikolojia kwamba alinajisiwa utotoni hawezi kupewa utoto mwingine.

Wazee walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Katika ofisi tunayoieleza kata ni nyingi kuliko zinavyodhaniwa. Karani hupanga miadi, kwa hiyo ajua nani huja na mara ngapi. Mfagizi huona karatasi zilizotupwa. Fundi wa kompyuta huichukua mashine kwenda kuitengeneza, na majalada yote yamo ndani. Mwanasaikolojia mwenyewe huwa na msimamizi wa kazi, mtaalamu mkubwa anayemweleza habari za wateja ili ashauriwe. Hili ni jambo jema, lakini yapasa habari hizo zisimuliwe bila ya jina. Ukuta wa mbao nao ni kata: nimepata kukaa katika chumba cha kungojea ambamo kila neno la ndani lilisikika, na watu watatu tuliokuwamo tukajifanya tunasoma gazeti. Redio ndogo iliyowashwa kwa sauti ya wastani ingaliondoa aibu ile.

Simu yataka maelezo yake peke yake. Ofisi hutuma ujumbe kumkumbusha mteja miadi yake. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki simu moja hushikwa na watu wengi. Mama humpa mtoto achezee, mume huisoma ya mke. Ujumbe usemao “Usisahau kikao chako cha ushauri nasaha kesho saa nne” umekwisha kutoa siri, hata kama haukutaja shida. Malipo ya simu nayo huacha jina la mpokeaji katika orodha. Kwa hiyo ofisi yenye busara humwuliza mteja tangu mwanzo: tukupigie au tusikupigie? Tukuandikie maneno gani? Na jina lipi lionekane ukilipa? Ni maswali matatu mepesi, wala hayagharimu kitu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipita upesi, na kwetu ndilo gumu. Mteja wetu mara nyingi haji peke yake. Huletwa na shangazi, hulipiwa na kaka, husindikizwa na mama mkwe. Mjomba aliyetoa ada huja baada ya wiki mbili, hukaa kitini kwa heshima zote, na kuuliza, “Basi mwanangu ana nini?” Swali hili si la udaku. Ametoa fedha, ana uchungu, na kwa mila ana haki ya kujua habari za nyumba yake. Akijibiwa kwa ukali kwamba sheria yakataza, atamwondoa kijana, na tiba itakoma. Akijibiwa kila kitu, kijana hatasema tena neno la kweli. Njia niliyoiona ikifaa ni kuyapanga haya siku ya kwanza, mjomba na kijana wakiwapo wote wawili: mjomba ataambiwa kama kijana anahudhuria, na kama pana jambo la kusaidiwa nyumbani, mengine ni ya kijana, naye akitaka atayasema mwenyewe. Wazee wengi hulikubali jambo hili lisemwapo kwa adabu, kwa kuwa wao wenyewe wanajua maana ya amana: mwenye kuwekewa hana ruhusa ya kuitoa bila ya idhini ya mwenye mali.

Mbele ya hakimu, walakini, amana hii ina udhaifu. Katika sheria ya Kiingereza, ambayo ndiyo mzazi wa sheria za ushahidi za Afrika Mashariki, wakili hulazimika kuinyamazia siri ya mteja wake. Bali daktari alikwisha kuambiwa tangu mwaka 1776, katika kesi ya Duchess of Kingston, kwamba akiulizwa mahakamani hana budi kujibu. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa wataalamu wa tiba ya nafsi kinga hiyo mwaka 1996. Kwetu, mwanasaikolojia aandikapo na akumbuke kwamba msomaji wake wa mwisho aweza kuwa hakimu. Chukua mfano wa Kenya: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, hata Mahakama Kuu ilipotangaza mwezi wa Januari 2025 kwamba kifungu hicho ni kinyume cha katiba. Kwa miaka yote ya kabla ya hapo, mwanasaikolojia aliyeandika kwa uaminifu alichoambiwa na mtu aliyenusurika alikuwa akiandika ushahidi wa kosa.

Iko pia siri isiyofaa kufichwa. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, mwanafunzi alimwambia mwanasaikolojia wake kwamba anakusudia kumwua msichana aliyemkataa. Mwanasaikolojia aliwaarifu askari wa chuo. Wakamshika, wakamwona ana akili timamu, wakamwachia. Mkuu wa idara akaagiza barua na maandishi viharibiwe. Hapana aliyemwonya msichana, naye akauawa mwezi wa Oktoba. Katika kesi hiyo, ijulikanayo kwa jina la Tarasoff, Mahakama ya Juu ya California iliamua mwaka 1976 kwamba mtaalamu anayejua hatari ya namna hii ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kumlinda atishiwaye. Hukumu ile haizifungi mahakama zetu, lakini ndiyo sababu mipaka ya siri yapasa kutajwa siku ya kwanza.

Serikali zetu nazo zimetunga sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilifuata kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote mbili huzihesabu habari za afya kuwa nyeti. Nchini Kenya, habari zikiibwa na pana hatari ya kweli kwa wenyewe, Kamishna hana budi kuarifiwa katika muda wa saa 72. Wenye ofisi ndogo hujidanganya kwamba kanuni za uandikishaji haziwahusu, kwa kuwa huwasamehe wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Msamaha huo hauwafikii watoao huduma za afya.

Limebaki suala la muda. Mwongozo wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani wa mwaka 2007 ulishauri jalada la mtu mzima litunzwe miaka 7 tangu huduma ya mwisho, na la mtoto hata miaka 3 baada ya kufikia utu uzima. Muda ukipita, karatasi zichomwe au zikatwekatwe, zisiuzwe kwa wafunga maandazi. Na kwa kuwa mwanasaikolojia naye hufa, yafaa aandike mapema jina la mwenzake wa taaluma atakayekabidhiwa ufunguo wa kabati na neno la siri la kompyuta, awaarifu wateja, ayapeleke majalada yanayohitajika, na kuyateketeza madaftari bila ya kuyasoma. Asipofanya hivyo, kabati litafunguliwa na warithi wake, pamoja na nguo na vyombo.