Usingoje paka wako azidiwe ndipo umpeleke kwa daktari

IWAPO unafuga paka, huenda yamewahi kukupata haya. Paka hajala tangu jana, nawe umeamua kuwa leo utampeleka kwa daktari wa mifugo. Unateremsha katoni kutoka juu ya kabati na kuipangusa vumbi. Kabla hujageuka, paka ameshaingia chini ya kitanda. Unamvuta kwa miguu, anakuparura mkono. Unamsukumiza ndani ya katoni, unaifunga kwa kamba na kupanda nayo matatu ambamo muziki unatikisa vioo, huku abiria jirani akikuuliza kwa kicheko ikiwa hiyo ni kuku. Ufikapo kliniki, wakuta mbwa watatu wakubwa wakingoja zamu yao.

Daktari anapofungua katoni, anayetoka humo si yule paka unayemjua, bali chui mdogo. Hamkagui hata dakika mbili. Anamdunga sindano, unalipa, unaondoka. Njiani unaapa moyoni kwamba hutamrudisha mnyama huyo huko tena.

Kiapo hicho kimewaua paka wengi. Safari ya kwanza ikiharibika, ya pili hucheleweshwa. Mwenye paka hujiambia, "Acha tungoje tuone." Na paka ni mnyama mbaya sana wa kungojewa, kwa sababu kufikia siku atakayokuonyesha waziwazi kuwa anaumwa, aghalabu ugonjwa huwa umekwisha kukomaa.

Mbona huficha ugonjwa?

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, ambaye hadi leo angali akiishi katika nyika zetu hapa Kenya. Mnyama huyo huwinda peke yake, na yeye mwenyewe huwindwa na wanyama na ndege wakubwa kumliko. Hana kundi la kumlinda au kumletea chakula akiugua. Akionyesha unyonge, maisha yake yamo hatarini. Tabia hiyo haikumtoka paka wako kwa sababu tu analala juu ya kochi Buruburu na kulishwa omena. Mbwa akiumia mguu atakuletea mguu huo uutazame. Paka ataacha tu kuruka dirishani, nawe utadhani ni uvivu au uzee.

Kwa hivyo, usitafute kilio. Tazama desturi zilizobadilika. Je, paka aliyekuwa akijilamba manyoya kila jioni ameyaacha yakasokotana? Je, anakunywa maji mengi kuliko zamani? Amehamia mahali pa giza? Amekonda mgongoni? Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal huko Kanada walichapisha njia ya kupima maumivu ya paka kwa kumtazama uso tu. Asiye na maumivu husimamisha masikio yakaelekea mbele, macho yake huwa wazi na sharubu zimelegea. Mwenye maumivu makali, masikio yake hulala na kugeukia kando, macho hufinyika, pua na mdomo hukazana, sharubu hunyooka na kichwa huinama chini ya mabega. Ukishajua uso wa paka wako anapokuwa mzima, hutakosa kuitambua tofauti hiyo.

Kuna ishara mbili ambazo hazingoji kesho. Ya kwanza ni paka dume anayechuchumaa mara kwa mara penye mchanga wake, akajikaza na mkojo usitoke, au kikatoka kitone tu, pengine chenye damu. Wengi hudhani amefunga choo, wakampa mafuta ya kupikia. Kumbe mrija wa mkojo umeziba. Mkojo ukizuiliwa, sumu hujaa katika damu na moyo huweza kusimama. Siku mbili au tatu zatosha kumwua. Huyo hupelekwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ya pili ni paka mnene ambaye hajatia chochote kinywani kwa zaidi ya siku moja. Mwili wake ukikosa chakula huanza kuyeyusha mafuta na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko linavyoweza kuyatumia, na ini hilo huharibika. Kwa mbwa au binadamu, kukosa kula siku mbili ni jambo dogo. Kwa paka, si dogo hata kidogo.

Hofu humchanganya hata daktari

Mtu aweza kusema, "Paka akiogopa kidogo kuna ubaya gani, si atarudi nyumbani?" Ubaya upo. Paka mwenye hofu kuu joto lake hupanda, moyo hudunda mbio na sukari katika damu huongezeka. Sukari hiyo yaweza kufika kiwango cha kumfanya daktari ashuku ugonjwa wa kisukari ambao haupo. Tumbo alilolikaza haliwezi kupapaswa. Mguu uliokuwa ukichechemea nyumbani hauchechemei tena mbele ya watu wageni. Unalipia uchunguzi, lakini kinachochunguzwa ni hofu.

Kazi ya kuipunguza hofu hiyo huanzia sebuleni kwako, wiki mbili au tatu kabla ya safari, wakati paka angali mzima. Tafuta sanduku la plastiki la kusafirishia paka, hasa lile linalofunguka juu au kutenganishwa vipande viwili. Ukishindwa na bei yake, kreti mbili za mboga zilizofunganishwa kwa waya, au kikapu kigumu chenye kifuniko, vyaweza kufaa. Ondoa mlango, tandika ndani leso kuukuu ambayo paka ameizoea, kisha liache sanduku hilo pale chini kama kiti kingine cha nyumbani. Usimwite wala usimsukume. Weka humo kipande cha ini au omena mbili tatu, uende zako. Atachungulia, atakula, atatoka. Siku moja utamkuta amelala ndani. Hapo ndipo utakaporudisha mlango na kuufunga kwa dakika moja, ukaufungua na kumtuza. Kesho yake mbebe humo hadi mlangoni, siku nyingine hadi langoni.

Najua wapo watakaocheka na kusema hawana wakati wa kumfundisha paka kuingia sandukuni. Hesabuni basi muda mnaoutumia kumfukuza chini ya vitanda.

Siku ya safari, usimpe chakula kizito saa chache kabla, ili asitapike njiani. Lakini kama ni mtoto wa paka au ana ugonjwa wa sukari, muulize daktari kwanza. Funika sanduku kwa kitambaa. Paka asiyeona msongamano wa watu hutulia zaidi. Ndani ya gari dogo, liweke sakafuni nyuma ya kiti cha mbele. Ndani ya matatu, lipakate, na uchague saa ambazo si za watu kwenda au kutoka kazini. Boda boda haifai. Kumbeba mikononi au ndani ya gunia ni hatari zaidi, kwani akishtuka na kuponyoka katikati ya Barabara ya Thika hutamwona tena. Kama ni paka ambaye hushikwa na wazimu kila mara, mpigie daktari simu mapema. Ipo dawa ya kutuliza anayoweza kukupa umnyweshe nyumbani kabla ya kuondoka. Usiibuni wewe.

Chukua pia simu yako na umpige paka picha za video akiwa nyumbani: anavyotembea, anavyokohoa, anavyochuchumaa. Dakika moja ya picha hizo yaweza kumfaa daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Mwenye paka naye ana aibu zake

Katika nchi ambayo paka wengi huwekwa ili wakamate panya, anayempeleka paka hospitalini huonekana kuwa amekosa kazi. Jirani atakuuliza kwa nini usichukue mwingine, maadamu hupatikana bure. Aibu hiyo huwafanya wengi kujaribu tiba za nyumbani kwanza, na hapo ndipo makosa makubwa hutendeka.

Usimpe paka dawa yoyote ya binadamu. Ini la paka haliwezi kuvunjavunja paracetamol kama letu lifanyavyo. Hata kidonge kimoja chaweza kumwua. Ufizi wake hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba na kupumua humwia vigumu. Vivyo hivyo, dawa ya viroboto iliyotengenezewa mbwa yaweza kuwa sumu kwake, hasa zile zenye pemethrini. Paka aliyepakwa hiyo hutetemeka, kisha hushikwa na kifafa. Wapo pia wanaochukua dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe na kumpaka paka. Anachopakwa manyoyani atakilamba, kwa hivyo kitaingia tumboni.

Ikiwa umeshafanya kosa kama hilo, mwambie daktari ukweli mara tu ufikapo, na uende na pakiti ya dawa hiyo. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kugombezwa, daktari akapoteza saa nzima akitafuta ugonjwa ambao haupo. Na hapa nina neno kwa madaktari wenyewe. Mteja anayekaripiwa kwa kuchelewa, au kwa dawa aliyoitumia, hatakwambia kweli mara ya pili, pengine hatarudi kabisa. Muulize bila ukali, na umweleze gharama kabla hujaanza. Mwenye paka asiyejua atalipa nini husikiliza pesa tu wala hasikii ugonjwa.

Suala la ada nawe mteja usilionee haya. Uliza ni uchunguzi upi wa lazima leo na upi unaoweza kungoja mwisho wa mwezi.

Utamjuaje daktari anayefaa?

Jambo la kwanza, awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Si kila abebaye mkoba na sindano ni daktari. Pili, uliza kama hutibu paka mara kwa mara, kwani wapo mabingwa wa ng'ombe ambao paka huwatatiza. Iwapo zahanati ina mahali pa paka kungojea mbali na mbwa, ni dalili njema. Isipokuwapo, mwache paka ndani ya gari au ukae nje kivulini naye mpaka muitwe, na ukiingia weka sanduku juu ya kiti, si sakafuni penye pua za mbwa. Baadhi ya madaktari mijini huja nyumbani. Kwa paka mwoga sana, ada ya ziada hiyo huwa imetumika vizuri.

Mtazame pia anavyomshika. Zamani paka alikamatwa ngozi ya shingo na kubanwa mezani, na wapo ambao wangali wakifanya hivyo. Miongozo iliyotolewa mwaka 2022 na vyama vya kimataifa vya madaktari wa paka yapinga kushika hivyo. Yashauri paka aachwe atoke mwenyewe, au sehemu ya juu ya sanduku iondolewe akaguliwe akiwa amekaa katika sehemu ya chini, nusu yake ikiwa imefunikwa kwa taulo. Yale anayoyachukia zaidi, kama vile kupimwa joto, huachwa mwisho. Daktari anayefanya hivyo huonekana kama mtu anayejikokota, lakini mara nyingi humaliza mapema kuliko yule anayepigana.

Usiende kwa sababu ya ugonjwa pekee. Mtoto wa paka huanza chanjo akiwa na umri wa wiki sita hadi nane, na ile ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu kisha hurudiwa kama daktari atakavyoagiza. Licha ya jina lake, maradhi hayo huwapata paka pia na kuwaambukiza watu. Kenya imejiwekea lengo la kuyamaliza kwa binadamu ifikapo mwaka 2030. Paka akikuuma au kukuparura ukimtia sandukuni, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali. Meno yake ni membamba kama sindano na hupeleka vijidudu ndani kabisa ya nyama. Kidonda kinachoonekana kidogo asubuhi chaweza kuvimba ifikapo jioni.

Kama una paka wawili, usimfungulie mgonjwa mara tu mrudipo. Amerudi na harufu ya dawa na ya mbwa, na mwenzake aliyebaki anaweza asimtambue, akamrukia kama mgeni aliyevamia nyumba. Mfungie katika chumba kimoja mpaka ajilambe na kutulia. Chukua leso ya yule aliyebaki umpanguse nayo mashavuni na mgongoni, kisha uwakutanishe kesho yake asubuhi, kila mmoja akiwa na chakula chake mbele.