Shosho akianza kuweweseka ghafla, usiseme 'ni uzee'

UKO kwenye matatu, jam imekukwamisha pale Roysambu, simu inaita. Ni shangazi aliye ushago. Anakwambia shosho ameamka akiuliza kwa nini babu hajarudi kutoka shambani. Babu alizikwa miaka mingi iliyopita.

Na Jumapili tu ulizungumza na shosho huyohuyo. Alikuuliza utaleta mchumba lini, akakukumbusha kuku wake uliyemla Krismasi. Leo hajui yuko wapi.

Unaingia kwenye grupu ya familia. Mmoja ameandika, "Ni uzee tu." Mwingine, "Si alianza kusahau kitambo?" Wa tatu ametuma emoji ya maombi. Mnachanga pesa za unga na sukari, mnalala.

Hapo ndipo familia nyingi hupoteza mzee ambaye angetibika.

Ugonjwa wa kusahau, ule unaowapata baadhi ya wazee, huja polepole kwa miezi na miaka. Akili ikibadilika kwa saa au siku chache, hiyo ni hali nyingine. Madaktari huiita deliriamu. Ubongo unapiga kamsa kwamba kuna kitu kimeharibika mahali fulani mwilini, na mara nyingi si kichwani. Hata mzee ambaye tayari ana ugonjwa wa kusahau anaweza kupatwa na hali hii juu yake. Ndiyo maana ule ujumbe wa "alianza kitambo" ni hatari.

Tena hali yenyewe ni janja. Hupanda na kushuka. Asubuhi shosho anakula uji na kusalimu majirani, jioni anaona watu ukutani. Mkimfikisha zahanati akiwa katika ile saa yake nzuri, mnaweza kurudishwa nyumbani.

Pia si kila mgonjwa hupiga kelele. Kuna anayenyamaza tu: analala mchana kutwa, hali, hajibu maswali. Huyu hupuuzwa zaidi kwa sababu hasumbui mtu, ilhali huenda yeye ndiye mgonjwa zaidi.

Chanzo ni nini?

Mara nyingi ni maambukizi, kama vile nimonia, malaria au ya njia ya mkojo. Usingoje awe na joto jingi mwilini ndipo uamini anaumwa. Wazee wengi huugua nimonia bila homa.

Pili ni kukosa maji. Kiu hupungua mtu anapozeeka, na wapo wanaojinyima maji makusudi ili wasiamke usiku kwenda choo cha nje. Kufunga choo kwa siku kadhaa au kushindwa kukojoa pia kunaweza kuvuruga akili.

Tatu ni dawa. Figo za mzee husafisha dawa polepole, hivyo dozi iliyokuwa sawa zamani inaweza kuwa nyingi leo. Dawa ya kisukari inaweza kushusha sukari kupita kiasi, hasa akiruka chakula. Hata zile tembe za mafua zinazoleta usingizi, kama klorofeniramini ambayo wengi tunaijua kwa jina Piriton, zinaweza kumchanganya. Mwaka 1991, daktari Mark Beers wa Marekani na wenzake walichapisha orodha ya dawa ambazo wazee wanafaa kuepushwa nazo. Orodha hiyo husasishwa hadi leo, na dawa hii imo.

Wewe wa mjini utasaidiaje?

Unaweza kusaidia sana, hata kabla ya kutuma nauli. Swali ambalo daktari anahitaji kujibiwa ni hili: alikuwaje kabla, na amebadilika lini? Wewe uliyeongea naye Jumapili una jibu. Liseme waziwazi: "Jumapili alikuwa sawa kabisa. Hii imeanza jana." Bila sentensi hiyo, muuguzi anaona ajuza aliyechanganyikiwa tu.

Kuna kipimo kifupi ambacho madaktari hutumia, kiitwacho 4AT. Mzee huulizwa umri wake, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka huu ni upi. Kisha anaombwa ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Akifikisha saba bila kukosea, ni vizuri. Hukuenda shule ya udaktari, kwa hivyo usitangaze matokeo kwenye grupu, lakini mweleze daktari alichoshindwa nacho.

Mwambie shangazi akusanye dawa zote kwenye mfuko mmoja: za hospitali, za duka la dawa, na zile za mitishamba zilizofichwa chini ya godoro. Waende hospitali siku hiyohiyo. Mdomo ukipinda au mkono mmoja ukilegea, huenda ni kiharusi. Hapo hata dakika zina maana. Na mtu asimpe dawa ya usingizi "atulie".

Akilazwa, mpeleke na miwani yake na kile kifaa cha kusikilizia kama anacho. Mtu wake akae naye, amwambie ni siku gani na yuko wapi, amnyweshe maji, amtembeze daktari akiruhusu. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake wa Yale, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi. Waliopewa huduma ya aina hii, asilimia 9.9 walipatwa na deliriamu. Kwa wale wa huduma ya kawaida, ilikuwa asilimia 15.

Akisema babu yuko shambani, usibishane naye. Mshike mkono, mwambie wewe ni nani. Akili inaweza kuchukua siku au hata wiki kurudi baada ya chanzo kutibiwa. Kuwa mpole.

Halafu endelea kumpigia kila Jumapili. Acha akusumbue kuhusu mchumba na yule kuku. Siku atakapoacha kukusumbua, wewe utakuwa wa kwanza kujua.