Wapagazi wa Ubongo na Uvimbe Unaowatumikisha

Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, ulipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi mahali hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Kazi ya wapagazi hao haikuwa kupigana bali kubeba chakula na risasi, na bila wao jeshi lisingaliweza kusonga mbele. Ubongo wa binadamu nao una wapagazi wake. Kwa sababu yao, baadhi ya uvimbe wa ubongo ni mgumu mno kutibika.

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Pamoja nazo zimo seli saidizi, ziitwazo glia, ambazo idadi yake inakaribiana na hiyo. Jina hilo, lenye maana ya gundi kwa Kigiriki, lilitolewa na Mjerumani Rudolf Virchow mwaka 1856, naye alidhani kazi yake ni kushikilia tu. Leo yajulikana kwamba astrositi, seli zenye umbo la nyota, huzilisha seli za neva na kuzoa kemikali zinazobaki baada ya ujumbe kupita. Oligodendrositi huzivika nyuzi za neva ala ya mafuta ili ujumbe uende kasi. Mikroglia, zilizopewa jina na Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1919, ni walinzi: hula vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa.

Seli za neva za mtu mzima karibu hazigawanyiki tena. Glia, na hasa seli changa zinazozaa glia, bado zaweza. Jeni zinazotawala mgawanyiko huo zikiharibika, huzuka uvimbe uitwao glioma, na ulio mkali kupita yote kwa watu wazima ni glioblastoma.

Hapo ndipo yanapoanza maajabu yenyewe. Uvimbe hutoa kemikali za kuziita mikroglia pamoja na seli za jamii yake zitokazo katika damu. Mtu angetazamia walinzi hao waushambulie. Badala yake hugeuzwa watumishi: hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha vizuizi vilivyo kati ya seli, na kemikali zinazozituliza seli nyingine za kinga. Katika glioblastoma nyingi, theluthi moja ya seli zote au zaidi si za saratani, bali ni hao walinzi walioasi. Seli za neva nazo hazikusalimika. Mwaka 2019 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, na wa Stanford, Marekani, walionyesha kwamba seli za glioma huunganika na seli za neva, na kuutumia ujumbe wao kama chakula cha kukulia.

Kifafa nacho kina maelezo yake humo. Seli za uvimbe humwaga glutamati, kemikali ile ile ambayo astrositi nzima huizoa, na seli za neva zikasisimka kupita kiasi. Wapo wanaodhani kwamba mtu mzima aangukaye kwa mara ya kwanza gengeni pake amepandwa na pepo. Kuumwa kichwa peke yake, kwa walio wengi, si dalili ya uvimbe. Lakini kifafa kinachoanza ukubwani, au maumivu ya kichwa yanayozidi asubuhi pamoja na kutapika, yataka uchunguzi wa daktari. Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili si mbali, na huko Taasisi ya Mifupa (MOI), iliyoanzishwa mwaka 1996, hupasua pia ubongo. Tiba ya mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Hata hivyo kisu kina mpaka wake. Mwaka 1928 Mmarekani Walter Dandy alieleza jinsi alivyoondoa nusu nzima ya ubongo wa kulia kwa wagonjwa wa glioma, uvimbe ulirudi. Kwa upasuaji, mionzi na dawa ya temozolomidi, iliyothibitishwa mwaka 2005, nusu ya wagonjwa wa glioblastoma huishi kwa muda wa miezi 15 hivi.

Ndiyo maana watafiti wamewageukia walinzi walioasi. Mwaka 2013 dawa ya kuziba mlango ambao uvimbe hupitishia amri zake kwa mikroglia iliurudisha nyuma uvimbe katika panya wengi. Dawa nyingine ya namna hiyo ilipojaribiwa kwa watu, matokeo yake yaliyotolewa mwaka 2016 hayakuonyesha nafuu. Sasa dawa za namna hiyo zinajaribiwa pamoja na tiba nyingine.