Amini na amidi: n na d zina tofauti gani?

Katika zoezi la tafsiri muhula uliopita, mwanafunzi wetu mmoja aliandika kuwa dopamini ni "monoamidi". Tulipomsahihisha aliuliza, "Kwani, mwalimu, n na d zina tofauti gani hapo?" Sisi walimu wa lugha tulikosa jibu, ikabidi tuwaendee wenzetu wa kemia.

Amini ni kampaundi inayotokana na amonia, nayo ni besi. Harufu ya samaki wa baharini aliyelala hutokana na amini. Tukikamua ndimu, asidi yake huishika amini hiyo isiruke hewani.

Katika amidi, nitrojeni imeungana na kaboni ambayo nayo imeshikana na oksijeni kwa vifungo viwili. Oksijeni huvutia kwake elektroni za nitrojeni, hivyo nitrojeni hukosa cha kuipa asidi. Ubesi karibu wote hupotea, na kifungo huwa imara: kukivunja maabarani huhitaji kuchemsha kwa muda mrefu pamoja na asidi kali au besi kali. Kifungo cha namna hiyohiyo ndicho kinachounganisha asidi za amino kuwa protini za miili yetu.

Monoamidi, basi, ni kampaundi yenye kundi moja la amidi. Yurea tunayotia shambani haimo, kwani ni diamidi ya asidi ya kaboni. Parasetamoli imo. Hutengenezwa kutokana na para-aminofenoli, ambayo ni amini, kwa kuipachika kipande cha asidi asetiki, ile ya siki. Yaani n imegeuka d ndani ya chupa ya maabara!

Dopamini na serotonini ni monoamini: hupeleka ujumbe baina ya seli za neva. Zipo dawa za sonona zinazozuia kimeng'enya kinachovunja monoamini, na anayezitumia huonywa asile jibini iliyokomaa, maana shinikizo la damu laweza kupanda ghafla. Mtafsiri akiandika "monoamidi" kwenye karatasi ya dawa hiyo, mfamasia atatafuta kitu kingine kabisa.

Jambo la matamshi bado linatusumbua. Waliosoma kemia kwa Kiingereza hutujia na "amaidi", wa Kifaransa na "amidi". Darasani tumeshika amidi, iandamane na amini. Kwamba amini ni kitenzi pia hakujampoteza mwanafunzi yeyote hadi sasa.