Gome la ubongo si kipimo cha utu

Msikilize mtoto aliyetumwa dukani pale Kabiro, Kawangware. Mwenye duka anaambiwa, "Nipee unga kilo mbili." Rafiki anaamkuliwa kwa Sheng, "Niaje?" Nyumbani, nyanya anajibiwa kwa Kiluhya. Kesho darasani ni Kiingereza. Kazi hiyo ya kuchagua lugha moja na kuzuia nyingine isiponyoke hutegemea sana tabaka la nje la ubongo, ambalo hapa tunaliita gome.

Jina hilo linafaa, kwani tabaka hili huufunika ubongo jinsi gome linavyofunika mti. Unene wake ni kama milimita 2 hadi 4 tu, lakini limejikunjakunja na lina seli za neva zipatazo bilioni 16. Sehemu ya kisogoni hushughulikia kuona. Ya karibu na masikio, kusikia na kuelewa maneno. Ya utosini, hisia za mguso. Ya mbele, kupanga, kuamua na kujizuia. Mnamo 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alionyesha kwamba mgonjwa wake aliyepoteza usemi alikuwa ameharibika gome upande wa mbele.

Hapa Nairobi, gome hili lina historia chungu. Mwaka 1934, F. W. Vint, aliyefanya kazi katika maabara ya utafiti wa tiba ya serikali ya kikoloni, alichapisha makala akidai kwamba gome la Mwafrika ni jembamba kuliko la Mzungu. H. L. Gordon, daktari katika hospitali ya Mathari, alitumia madai kama hayo kutilia shaka elimu ya Waafrika.

Kosa lilikuwa wapi? Kwanza, Vint alipima ubongo wa maiti za hapa, kisha akaulinganisha na vipimo vya Ulaya vilivyochukuliwa na watu wengine. Pili, alidhani unene ndio akili. Leo inajulikana kwamba mtoto anapobaleghe gome lake hupungua unene, ilhali uwezo wake wa kufikiri unazidi kukua.

Kwa hivyo, mwalimu, mtoto wa Kabiro akichanganya lugha darasani, usiharakishe kusema ana kichwa kigumu. Maneno kama hayo yaliwahi kusemwa kuhusu babu zetu, tena kwa jina la sayansi.