KIDIRISHA KIDOGO, HASARA KUBWA

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Methali hiyo iliwafaa wasafiri wa miguu, na leo yamfaa pia kila mwenye simu mkononi.

Na achukuliwe mfano wa mama mwenye duka dogo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Ameagiza sabuni na mafuta ya kupikia kwa mfanyabiashara wa jumla mjini Mbarara, naye anataka kumlipa shilingi 200,000 kwa programu ya simu. Anaandika namba na kukosea tarakimu moja. Mara kidirisha chaibuka katikati ya kioo na kuuliza: “Una hakika?” Mtoto analia mgongoni, mteja anangoja. Mama anabonyeza “Ndiyo”, na fedha zinakwenda kwa mtu asiyemjua.

Je, kosa ni la mama peke yake? La hasha. Sehemu ya kosa ni ya yule aliyekitunga kidirisha.

MLINZI WA LANGO

Kidirisha cha namna hii ni mfano wa askari wa zamu langoni. Hakuwekwa pale kuwa pambo. Kazi yake ni kumsimamisha mpitaji, kumwuliza jina lake na aendako, kisha kumpisha au kumrudisha. Mlinzi anayemwuliza kila mtu, “Wewe ni mwema?” hana faida, kwani wote watajibu ndiyo.

Kidirisha chema hutaja jina la mpokeaji na kiasi cha fedha kwa herufi kubwa. Vitufe vyake navyo hutaja kazi yenyewe, “Tuma” na “Rekebisha”, wala si “Ndiyo” na “Hapana”.

JINSI KINAVYOTUNGWA

Simu za Android, zilizoanza kuuzwa mwaka 2008, huja na kidirisha cha kawaida, chenye kichwa, maneno machache na vitufe. Mtunzi wa programu atakaye kidirisha cha namna yake huchora kwanza umbo lake katika faili la pekee. Kisha huandika faili la pili, la mwendo. Humo huamuru, kwa mfano, kidirisha kianze kikiwa asilimia 80 ya ukubwa wake, tena kisichoonekana, kisha kikue na kudhihirika kwa muda wa sehemu ya tano ya sekunde. Mwisho huyaunganisha mafaili hayo katika amri za programu, na kuamua litakalotokea mtu akigusa nje ya kidirisha. Penye fedha, mguso huo hauna budi kuwa ni kughairi, usiwe kutuma kamwe.

Mwendo huo una manufaa. Jicho huvutwa na kitu kinachosogea, na kidirisha kinachochomoza kutoka kwenye kitufe kilichobonyezwa humwonyesha mtu kilikotoka. Lakini mwendo ukizidi huleta udhia. Kidirisha kinachoruka na kuzunguka hupoteza wakati, huilemea simu ya bei nafuu, na huwatia baadhi ya watu kizunguzungu. Ndiyo sababu katika mipangilio ya Android pana mahali pa kuzima miendo, na programu njema hutii amri hiyo.

Tena vidirisha vikiwa vingi, watu huzoea kuvifunga bila kusoma. Mmarekani Ethan Zuckerman, aliyeandika katika miaka ya 1990 amri za kuibusha madirisha ya matangazo kwenye intaneti, aliomba radhi hadharani mwaka 2014.

LUGHA YA MSOMAJI

Nakivale huishi watu waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Kidirisha cha Kiingereza pekee ni mlinzi asemaye lugha asiyoielewa mpitaji. Kiswahili, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa lugha ya majeshi na polisi wa Uganda, na ambacho Baraza la Mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, huwaunganisha wengi wao. Android humruhusu mtunzi kuweka faili la maneno kwa kila lugha, pasipo kugusa umbo wala mwendo.

Mbarara pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu mwaka 1989, na vijana husomea humo kazi ya kompyuta. Ingefaa mtunzi apande gari hadi Nakivale, amkabidhi mwenye duka simu, kisha anyamaze na kutazama vidole vyake.

NYUMBANI

Jamaa za askari, ambao mara nyingi hupokea matumizi kutoka kwa mume au mke aliye zamu mbali, yawapasa kushika mambo matatu. Kwanza, jina la mpokeaji lisomwe kwa sauti kabla ya kubonyeza. Pili, kidirisha kinachoomba namba ya siri ghafla, hali mtu hakuanza kutuma fedha, kifungwe mara moja. Tatu, programu isiyojulikana ikiomba ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine, inyimwe. Wezi hutumia njia hiyo kuweka kidirisha bandia juu ya kile cha kweli.

Na yule mama wa Nakivale? Kidirisha chake kingalitaja jina la mtu asiyemjua, angalisita, angalibonyeza “Rekebisha”, na sabuni yake ingalifika.