Sola Ikipasuka, Kioo Chake Huenda Wapi?

Nazi iliangukia sola yetu juu ya paa. Kioo kilipasuka chote kama utando wa buibui, lakini hakikumwagika. Nikawaita vijana wanaonunua vyuma chakavu. Walitaka fremu ya alumini tu, paneli wakaniachia. Nikajiuliza, kwani kioo hakina mnunuzi?

Takriban robo tatu ya uzito wa paneli ya kawaida ni kioo. Chini yake kuna silikoni inayozalisha umeme, na vyote vimegandishwa kwa plastiki inayoshika kama gundi, ili vistahimili jua na mvua miaka 25 au zaidi. Gundi hiyo ndiyo iliyozuia vigae vyangu kumwagika, na ndiyo inayomtesa anayetaka kukibandua kioo kikiwa safi.

Mtaani tuna chupa tele, basi si tuziyeyushe tutengeneze sola? Chukua kigae cha kioo cha dirisha, kitazame ubavuni. Ule ukijani ni chuma kilichomo mchangani, na chuma hunywa mwanga. Chupa nazo ni hivyo hivyo. Sola hutaka mchanga wenye chuma kidogo mno, na viwanda vingine huongeza antimoni ili kioo kizidi kung'aa. Kwa hiyo kioo kinachoifaa sola mpya ni kile cha sola kuukuu.

Na kina faida. Kioo kipya hutokana na mchanga, chokaa na magadi (yale yale tunayouza nje kutoka Ziwa Magadi), yakayeyushwa kwa joto la nyuzi kama 1,500. Vigae huyeyuka kwa moto mdogo zaidi, wala havitoi ile hewa ya kaboni inayotoka kwenye chokaa na magadi.

Huko Rousset, Ufaransa, Veolia ilifungua kiwanda cha kuchambua paneli kuukuu mwaka 2018. Ila duniani, kioo kingi cha namna hii huishia kwenye kazi zisizodai usafi, kama sufi ya kioo ya kuhami nyumba.

Kwetu, sheria ya taka ya 2022 inamtwika mtengenezaji na mwagizaji wajibu wa mabaki ya bidhaa zake. Kabla hujalipa, muulize muuzaji ataipokea wapi ikipasuka. Mimi sikuuliza. Yangu nimeifunika gunia nyuma ya nyumba, maana paneli iliyopasuka bado hutoa umeme jua likiwaka, na watoto hawaachi kuchezea.